Jogoo nimemlea mimi, kwanini nisubiri mwanaume aje amchinje?

Ile Jumamosi nilikaa na jogoo kafungwa miguu tangu saa mbili asubuhi mpaka karibu saa saba mchana nasubiri mwanaume apite. Wageni wanakuja jioni, mchele nimeshachambua, nazi nimeshakuna, mume wangu yuko safari na lori ameshavuka Tunduma huko, jirani wa kushoto yuko kazini, wa kulia kaenda msibani, kijana wa dukani anasema yeye damu hawezi. Jogoo yuko chini ya mwembe mdomo wazi anahema, kamba imembana, na kisu kiko mezani kwangu. Mwisho akapita bodaboda nikamsimamisha, nikamuuliza kijana wewe Muislamu? Ndio mama. Akachinja hata helmeti hakuvua, kisu kilikuwa butu nikamwona anasugua mara tatu mara nne, kuku anarusha miguu, kisha akamtupa kwenye majani akapanda pikipiki akaondoka.

Wageni walikula wakasifia. Mimi ile nyama haikupita.

Huyu jogoo nimemwona akitoka kwenye yai. Mjomba wangu wa Handeni alinitumia mitetea mitatu na jogoo mmoja kwenye tenga miaka miwili iliyopita, leo hapa Chanika nina kuku ishirini na kitu. Kila mtetea akianza kulalia naandika tarehe kwenye kalenda ya ukutani nahesabu siku 21. Chanjo ya kideri nadondosha mwenyewe, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, usiku wakiwa wametulia bandani namshika mmoja mmoja kwa tochi ya simu, na mwenye kufuga anajua kideri kikipita mtaani aliyepuuza chanjo anaamka asubuhi anaokota mizoga. Banda nafagia mimi, mwewe nafukuza mimi. Halafu ikifika ile dakika ya mwisho ambayo ndio inahitaji mkono unaomjali huyu kiumbe, nakaa pembeni nasubiri mwanaume yeyote anayepita barabarani. Hapana. Nilikataa siku ile na ndio maana naandika.

Sisi tuliokulia pwani tumeambiwa tangu wadogo mwanamke hachinji, akichinja nyama hailiwi. Nilimuuliza mama, akajibu ndivyo tulivyokuta. Nikaenda kwa ustadhi anayemsomesha binti yangu madrasa, nikamuuliza wazi kabisa, akanisomea hadithi iliyomo kwenye Sahihi Bukhari, ya kijakazi wa sahaba Ka'b bin Malik aliyekuwa anachunga wanyama kwenye mlima Sal' kule Madina, akaona mmoja anakata roho, akavunja jiwe akamchinja kwa lile jiwe. Ka'b akawazuia watu wake wasile mpaka Mtume (s.a.w) aulizwe. Alipoulizwa akaamrisha wale. Ustadhi akaongeza kwamba hata mwanamke akiwa kwenye siku zake akichinja ni halali, kwa sababu kinachotakiwa pale ni mchinjaji awe na akili timamu, amtaje Mwenyezi Mungu na akate panapotakiwa. Nilirudi nyumbani natembea taratibu. Miaka yote hii! Mama yangu, bibi yangu, wote wamekaa na kuku aliyefungwa miguu wakisubiri, kwa jambo ambalo ni mazoea tu.

Na sio Waislamu peke yetu. Majirani zangu Wakristo nao wakiwa na shughuli wanaita Muislamu achinje ili kila mgeni ale, ni ustaarabu mzuri wa nchi yetu naupenda, lakini hata wao anayeitwa ni mwanaume siku zote.

Basi nikampigia mjomba. Shikamoo mjomba, nataka unifundishe kuchinja. Akanyamaza kidogo, akasema marahaba mama, nitakuja mwezi ukiandama. Na kweli akaja.

Nilidhani tutaanza na kisu, kumbe tulianza na usiku wa kuamkia siku yenyewe. Jioni akaniambia yule utakayemchinja umtenge, chakula usimpe tena, maji mpe anywe mpaka achoke. Sababu yake ni kwamba gole, ule mfuko wa chakula shingoni, likiwa limejaa nafaka na utumbo umejaa, ukipasua vibaya uchafu wote unamwagikia nyama, na maji yanamfanya asiteseke kwa kiu. Kisha tukaenda nyuma ya nyumba kunoa, mbali na banda. Kisu hakinolewi mbele ya mnyama na mnyama hachinjwi mwenzake anatazama, hii nayo imo kwenye mafundisho, ipo hadithi kwenye Sahihi Muslim inayotuamuru tukichinja tuchinje vizuri, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Mjomba alinoa kwenye kinoo cha mto karibu nusu saa, akajaribu kwenye unyoya, unyoya ukakatika wenyewe bila kuvutwa. Nikakumbuka kisu changu cha ile Jumamosi nikaona aibu kweli.

Kuku wa kuchinja alimchagua mjomba. Akasema tuanze na kishingo, kwa sababu shingo yake haina manyoya, anayejifunza anaona kisu kinapita wapi.

Kishingo yule alikuwa na miezi tisa. Nilishamdondoshea chanjo jichoni mara tatu. Nilipomshika bandani alfajiri alitulia kabisa kwa sababu mikono yangu anaijua, na hapo ndipo nilipotaka kuacha, naomba niseme wazi, nilisimama naye kifuani moyo unanidunda nikawa naona kama namsaliti. Mjomba hakunicheka wala hakunisukuma. Akasema, "Mama, akienda sokoni leo atakaa juani kutwa, atashikwa na watu ishirini hawajui. Hapa atakuwa na wewe." Kisha akasema neno ambalo bado linanisaidia mpaka leo, "Mkono ukisitasita ndio unamuumiza. Ukianza, maliza."

Tukamuelekeza kibla, kwetu Dar kibla ni kaskazini, upande wa tangi la maji. Mabawa mawili unayakusanya unayakanyaga kwa mguu mmoja, miguu yake chini ya mguu wako mwingine, sio kwa uzito wako wote, ni kumtuliza tu. Mkono wa kushoto unashika kichwa unakivuta nyuma taratibu ngozi inyooke. Kisu kinapita chini kidogo ya taya, unakata njia ya hewa na njia ya chakula pamoja na mishipa miwili ya pembeni, unaishia hapo, kichwa hukiondoi kwanza. Nikasema Bismillahi Allahu Akbar, nikavuta kwenda, nikavuta kurudi. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyofikiria, kisu kikali hakihitaji nguvu hata kidogo. Damu ikatoka kwa kasi, ya moto, ikanigusa vidole.

Nikabaki nimemshika. Wengi wanachinja wanamrusha kuku anaruka ruka uwanjani mpaka anatulia, mjomba anakataza, anasema mshike mpaka mwisho. Akaanza kupapatika na mimi nikaogopa kwamba nimekosea bado ana maumivu, akaniambia damu ikishaacha kichwa fahamu nayo imeondoka, huo ni mwili tu unamalizia. Kama dakika mbili hivi. Nililia. Mjomba akaenda kuangalia maji jikoni akaniacha.

Kunyonyoa ni kazi ya maji. Yakiwa yanachemka kabisa ngozi inaiva inachanika chanika, yakiwa vuguvugu manyoya hayatoki unavuta na ngozi. Kama una kipimajoto ni digrii 60 hadi 65 hivi, sisi tulipunguza moto tukaongeza kopo la maji baridi, tukamchovya tunamgeuza geuza kama nusu dakika mpaka dakika moja, kila mara tunajaribu kuvuta unyoya mkubwa wa bawa, ukitoka bila kushindana basi tayari.

Sehemu ambayo sikuitegemea ni ndani. Unachana karibu na mkia kipande kidogo, kisu juu juu usiguse utumbo, unaingiza mkono unavuta vyote pamoja, unaangalia nyongo ile ya kijani iliyoshikana na ini usiipasue maana itatia nyama uchungu. Kile kitezi cha mafuta juu ya mkia kinakatwa. Ini lilikuwa zuri, jekundu la kahawia, halina madoa. Lakini mjomba akauchana utumbo mbele yangu, ndani kuna minyoo, myeupe, mirefu kama tambi. Jogoo niliyemuona mzima anawika kila alfajiri! Firigisi nayo tulipoipasua tukakuta mchanga, vipande viwili vya chupa na ushanga wa binti yangu. Siku hiyohiyo nilinunua dawa ya minyoo, piperazine, nikawapa kuku wote kwenye maji ya kunywa, na Jumapili tukaokota vioo uwanja mzima. Miaka miwili ya kufuga sikujua nina tatizo la minyoo kwa sababu kuku wangu wote walipasuliwa na watu wengine na utumbo ukatupwa. Hii peke yake inanitosha kusema kwamba mfugaji achinje mwenyewe walau mara moja moja, utajua mifugo yako ukiwaona na ndani.

Kuna lingine linaniuma nalo ni huko sokoni. Mwaka jana nilipeleka majogoo watatu kwenye soko moja hapa mjini, pale pale wanachinjiwa na kunyonyolewa, vijana wana haraka foleni ndefu, nikaona kuku wangu anatumbukizwa kwenye pipa la maji ya moto bado anatikisa kichwa. Wale vijana siwalaumu peke yao, wanalipwa kwa kuku sio kwa saa, lakini yule kuku alikuwa hai na kila mtu pale aliona. Huyo anayekula pia ana haki. Wapo wanaouza kuku jana kapewa antibayotiki leo yuko sufuriani, wakati kwenye kopo la dawa imeandikwa kabisa usubiri siku ngapi kabla ya kuchinja. Kuku wangu najua dawa gani kapewa na lini, imeandikwa kwenye kalenda ileile.

Nyama ya jogoo wa miezi tisa aliyekuwa anakimbia haipikwi saa ileile, inakaza. Tulimuweka friji ya chini mpaka kesho yake, nikamchemsha na tangawizi na kitunguu saumu moto mdogo saa moja na nusu, ndio nikamtia kwenye nazi. Nilikula. Safari hii ilipita.

Binti yangu ana miaka tisa. Hakuona kuchinja, nilimuamsha baadaye wakati wa kunyonyoa, akauliza mama ni kishingo? Nikamjibu ndio ni kishingo, nimemchinja mimi. Wapo walioniambia nimemuharibu mtoto. Mi naona mtoto anayekula paja la kuku kila Ijumaa ana haki ya kuambiwa limetoka wapi, na kuambiwa na mtu aliyekuwa anampenda yule kuku. Mara ya tatu aliomba ashike tochi wakati natoa kuku bandani, alimbeba mwenyewe mpaka mlangoni akampapasa mgongo, akarudi ndani.

Mpaka sasa nimeshachinja kuku sita. Mkono bado unakuwa mzito kila mara na sitaki uache kuwa mzito.

Juzi Jumatano kama saa nne asubuhi geti likagongwa. Mama jirani wa nyumba ya tatu, kamshika tetea mabawa, ana wageni kutoka Muheza na mumewe hayupo, kijana wake yuko shule. "Mama wee, eti nasikia wewe unachinja?" Ameniuliza kwa sauti ya chini, anaangalia nyuma. Nikamwambia ingia, mfungue hiyo kamba kwanza mpe maji. Nikachukua kinoo nikazunguka nyuma ya nyumba. Baada ya muda nikasikia hatua zake, kaja, kakunja mikono ya dera, anataka nimuonyeshe kisu kinavyonolewa.