Daktari wa Vichwa

Mimi ni kinyozi. Nina kibanda changu hapa Umoja: viti viwili, mashine nne, na redio inayoshika stesheni siku ikijisikia. Kichwa cha mtu mzima ni shilingi 150, cha mtoto 100, cha mtoto anayelia 150. Kazi yangu naipenda. Lakini ukienda kijijini kwetu ukauliza mimi nafanya nini Nairobi, utaambiwa ni daktari. Daktari wa vichwa.

Sikusema mimi. Alisema baba.

Mzee aliamua nitakuwa daktari kabla sijaota meno. Mama alitaka niwe wakili, eti kwa sababu napenda ubishi, lakini kwa mambo ya kazi yangu mama hakuwa na kura. Nikiugua malaria, mzee ananipeleka zahanati na kuniagiza nitazame vizuri jinsi daktari anavyoshika sindano. Mtu ana homa, meno yanagongana, anaambiwa ajifunze! Na huku bwenini nilikuwa nawanyoa wenzangu kwa wembe na kitana, malipo nusu mkate. Ishara zilikuwepo, mwenye kuona hakuwepo.

KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nikatoka na C kavu, Baiolojia D. Mlango wa chuo kikuu unaanzia C+, na hiyo C+ yenyewe ukienda nayo kuomba udaktari watakuchekea. Mzee akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma aone kama kuna matokeo mengine. Akasema, "Utarudia." Nikarudia mwaka mzima. Nikapata C kavu. Angalau hakuna wa kusema ile ya kwanza nilibahatisha.

Nikaja Nairobi kwa binamu, nikashika mashine, sikuiachilia tena. Nilipompigia mzee kumwambia, alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo unashughulika na vichwa?" Nikajibu ndiyo. Akasema, "Basi hayo mengine niachie mimi."

Tangu siku hiyo simu yangu haina amani. "Daktari, mama watoto kichwa kinamgonga upande mmoja." "Daktari, mtoto anasahau kuswaga ng'ombe." Nawaambia, nendeni hospitali. Wanakata simu wakisema, huyo ni daktari kweli, hana wakati na mtu.

Nimejaribu kujitetea. Nina mteja mmoja anayesomea udaktari, kichwa kimejaa vitabu na nywele pia. Aliniambia kwamba Uingereza zamani vinyozi na madaktari wa upasuaji walikuwa chama kimoja tangu 1540, wakaja kutengana 1745. Nilifurahi nikampunguzia hamsini. Jioni nikampigia mzee: "Baba, sisi na madaktari tulikuwa kitu kimoja mpaka 1745!" Akafikiri kidogo. "Na mlipotengana, wewe ulibaki upande upi?"

Kuna wakati madaktari wa hospitali za umma waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017. Nikamwambia, unaona? Hao uliotaka nifanane nao wako barabarani na matawi, mimi kibandani nanyoa, nywele hazijui mgomo. Mzee akasema, "Wakigoma wao, nchi inalia. Goma wewe, tuone." Sikuwa na jibu. Bado sina.

Sasa mwezi uliopita, Ijumaa saa tatu asubuhi, simu ya baba: "Daktari, tumeshavuka Naivasha." Tumeshavuka na nani? Na mzee jirani, yule wa ng'ombe wengi, kichwa kinamsumbua tangu mavuno. Nikahisi miguu imekuwa uji. Nikafikiria kufunga kibanda nihamie Kitengela, lakini wateja walikuwa kwenye foleni.

Saa sita wakashuka mlangoni. Mzee jirani akatazama ndani. Akawaona watu wamekaa kwenye benchi wakisubiri, kimya. Akaniona mimi na koti jeupe (vumbi la nywele likikaa kwenye nguo nyeusi hutolitoa). Akaona chupa ya spiriti. Akavua kofia kwa heshima. Baba alikuwa amesimama nyuma yake akinitazama kwa yale macho ya siku ya matokeo.

Ningefanya nini? Nikamkalisha kwenye kiti, nikamfunga shuka shingoni. Nikamuuliza amekunywa maji lini. Jana. Nikamtuma kijana alete chupa mbili. Nikampunguza nywele, nikamkanda kwa taulo la moto, nikamsugua kichwa, shingo, mabega, mpaka akaanza kukoroma. Alipoamka akajishika huku na huku. "Kimepona!" Nikamwambia hata hivyo kesho aende apimwe presha hospitali. Akamgeukia baba: "Umesikia? Ananipa na rufaa." Akalipa mia tano, akakataa chenji. Akasema hapa hakuna aliyemdai kadi, kwa hiyo Jumamosi ijayo atawaleta wazee wengine sita.

Baba hakusema lolote. Alingoja jirani atoke kutafuta choo, akasogea, akavua kofia. Miaka yote hii hajawahi kukalia kiti changu. Akanong'ona, "Na mimi kichwa kinaniuma kidogo."

Nikamfunga shuka. Nikawasha mashine, nikaanzia kulia, polepole, mkono unatetemeka kama wa mwanafunzi. Nilipofika katikati ya utosi, stima ikapotea. Upande mmoja unang'aa, upande mmoja mvi zimesimama, mtaa mzima unapiga kelele, na hapo hapo simu yake ikalia. Ni mama, anauliza wamefika salama.

Mzee akajitazama kwenye kioo, akaweka simu sikioni.

"Nitakupigia baadaye," akasema. "Niko thieta."