Begi ambalo hakuna aliyelifungua

Asubuhi ya tarehe 30 Novemba 2021, mwalimu wa hesabu katika Shule ya Sekondari ya Oxford, jimboni Michigan, Marekani, aliona karatasi ya zoezi mezani kwa mwanafunzi wa miaka 15. Palikuwa na mchoro wa bastola, mtu anayevuja damu, na maneno: "Mawazo hayakomi. Nisaidieni." Akaupiga picha kwa simu. Alifanya la maana, kwani karatasi ilipofika ofisini kijana alikuwa ameshaukwaruza mchoro kwa kalamu.

Wazazi wakaitwa, wakaja. Mshauri nasaha akawaambia mtoto wao anahitaji kuonwa na mtaalamu, leo hii ikiwezekana. Wakajibu kwamba wanatakiwa kazini. Kikao hakikufika hata robo saa. Kijana akapewa begi lake, ambalo ofisa mmoja wa shule ndiye aliyelifuata darasani, akarudi masomoni. Bastola ilikuwa humo begini. Saa mbili hivi baadaye wanafunzi wanne walikuwa wameuawa na watu saba kujeruhiwa.

Kila mtu mle ofisini alikuwa na kipande chake cha habari. Shule ilikuwa na mchoro. Wazazi walijua kwamba siku nne tu nyuma baba alikuwa amenunua bastola ambayo kijana mwenyewe aliitangaza mtandaoni kuwa yake. Wazazi hawakuitaja, na shule haikuwauliza kama nyumbani kuna silaha.

Ni rahisi kuwalaumu walimu ukishajua mwisho wa hadithi. Jiweke kwenye kiti cha yule mshauri. Mbele yako yuko kijana mpole asiye na kesi ya utovu wa nidhamu, anayesema anachora michezo ya kompyuta. Unachohofia zaidi ni kwamba atajidhuru mwenyewe, na wazazi wamekataa kuondoka naye. Umrudishe kwenye nyumba isiyo na mtu, au abaki palipo na watu? Mshauri alichagua la pili, na sidhani mimi ningechagua vingine. Kasoro ni kwamba hilo lilikuwa jibu la swali moja tu, na begi lilikuwa swali jingine.

Wanaopinga upekuzi wa kila begi nao wana hoja. Mwaka 2015, huko Irving, Texas, Ahmed Mohamed, kijana wa miaka 14 wa familia yenye asili ya Sudan, alifungwa pingu kwa sababu alikwenda shuleni na saa aliyoiunda mwenyewe, shule na polisi wakidai ni bomu bandia la kutishia. Mzazi kutoka kwetu anayelea watoto Minnesota au Texas hahitaji kuelezwa ni begi la nani litakalofunguliwa kwanza. Wengi wanaochora bunduki hawatamgusa mtu maishani mwao, na hakuna kipimo cha kumtambua yule mmoja kati yao.

Kuna jambo jingine linalonifanya niogope ukali usio na kipimo. Kikosi cha Secret Service cha Marekani, kile kinachomlinda rais, kilichapisha mwaka 2021 uchambuzi wa njama 67 za kushambulia shule zilizozimwa kati ya 2006 na 2018. Mara nyingi waliowezesha kuzizima walikuwa wanafunzi wenzao, waliosikia au kuona kitu wakakisema. Sasa mtoto atasema vipi ikiwa anajua kumtaja rafiki yake ni kumpeleka rumande? Atanyamaza, ajipe moyo kwamba ni utani.

Baada ya Oxford, serikali ilishika njia mbili. Ya kwanza ni kuwashitaki wazazi. Jennifer na James Crumbley walitiwa hatiani Februari na Machi 2024 kwa kuua bila kukusudia, na kila mmoja akafungwa miaka 10 hadi 15. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kuhukumiwa hivyo kwa mauaji ya halaiki yaliyofanywa na mtoto wao shuleni. Ujumbe mmoja wa simu ulitajwa sana: siku moja kabla, mwalimu alipomkuta kijana akitafuta risasi mtandaoni, mama alimwandikia kwa kicheko kwamba hana hasira naye, ila ajifunze kutokamatwa.

Sioni huruma kubwa hapo. Lakini kijana huyohuyo alihukumiwa kama mtu mzima, kifungo cha maisha bila msamaha. Kwa kesi yake alikuwa mtu mzima anayewajibika kikamilifu, na kwa kesi ya wazazi wake akawa mtoto waliyepaswa kumchunga. Wanasheria wanaweza kukaa na mambo hayo mawili meza moja; mimi yananikwaruza kooni. Tena hukumu huja baada ya mazishi.

Njia ya pili ni sheria zinazoitwa za bendera nyekundu: mahakama inaagiza silaha ziondolewe kwa muda kwa mtu anayeonekana hatari. Connecticut ilianza mwaka 1999, Florida ikapitisha yake mwaka 2018 baada ya mauaji ya shuleni Parkland, na Michigan sheria yake ilianza kutumika Februari 2024. Wapinzani wanasema ni kumnyang'anya mtu mali yake kabla hajakosa, pengine hata kabla hajasikilizwa. Hoja hiyo ina uzito, ingawa amri ni ya muda na mhusika ana haki ya kwenda kujitetea. Mimi naona udhaifu wake uko kwingine: lazima mtu ajue kuna silaha, na awe tayari kusema.

Hata kuuliza hakutoshi. Jimboni Georgia, mwaka 2023, polisi walikwenda hadi nyumbani kwa mvulana wa miaka 13 kuhusu vitisho vya mtandaoni. Wakauliza kuhusu bunduki. Baba akasema zipo za kuwindia, ila mtoto hazigusi bila yeye. Wakaondoka. Septemba 2024 mvulana huyo alishtakiwa kwa kuua watu wanne katika shule ya Apalachee.

Ndiyo maana, kati ya yote yaliyotoka Michigan, mimi nashika sheria ndogo isiyotajwa sana, iliyoanza siku moja na ile ya bendera nyekundu: nyumba yenye mtoto, silaha ifungiwe. Haihitaji kumtabiri mtoto wala kumpekua. Wanaoipinga huuliza jambazi akivunja mlango usiku utaanza kutafuta funguo? Labda. Bastola ya Oxford ilikuja na kufuli lake la waya, na wapelelezi walilikuta bado kwenye plastiki yake. Katika kesi ya baba, mwendesha mashtaka alilifunga kwenye bastola ileile mbele ya baraza la mahakama, kwa sekunde chache tu.