Koki moja haiwezi kusawazisha maji ya tangi la samaki

Kuna ushauri mmoja unaokera kwa sababu unasikika kuwa na akili: funga koki kwenye bomba linaloshusha maji kutoka tangi la samaki kwenda tangi la chini, igeuzegeuze mpaka maji yanayoshuka yawe sawasawa na yale yanayorudishwa na pampu, kisha iache hapo. Mafundi wanautoa, wauzaji wa matangi wanautoa, na mwenye tangi anaufuata akiamini kazi imekwisha. Haijaisha. Zinapita wiki chache, bomba linaanza kukoroma usiku kucha, au maji yanapanda taratibu mpaka yanamwagika sakafuni. Kisha lawama inaangukia koki, eti haikurekebishwa vizuri. Koki haina kosa lolote. Imepewa kazi ambayo haiiwezi.

Pampu ndiyo inayoamua kiasi cha maji. Ikipandisha lita 1,500 kwa saa, basi lita 1,500 zitapita juu ya ukingo wa kisanduku cha kufurikia, yaani kile ambamo maji ya tangi humwagikia kabla ya kushuka kwa mabomba, upende usipende, kwa sababu hazina pengine pa kwenda. Ukingo huo hauhitaji kurekebishwa na mtu. Ukingo wa sentimita 30 usio na meno ya kuzuia samaki hupitisha takriban lita 2,000 kwa saa maji yakiwa na kimo cha sentimita 1 tu juu yake. Meno yakiziba nusu ya urefu huo, kimo kinafika kama sentimita 1.6. Ndiyo maana usawa wa maji mbele ya samaki haubadiliki hovyo hata pampu ikipungua nguvu. Panapoyumba ni ndani ya kisanduku, nyuma ya ukingo, pale mabomba yalipo.

Bomba lililojaa maji tupu bila hewa, yaani sifoni, ni kimya na lina nguvu nyingi. Lakini lina ukaidi. Kasi yake inategemea umbali wa wima kati ya maji ya kisanduku na maji ya tangi la chini, tena kwa kipeuo cha pili cha umbali huo. Tuseme umbali ni sentimita 90 na umeikaza koki mpaka bomba linashusha lita 1,400, huku pampu ikileta 1,500. Ili bomba hilo peke yake lifikie 1,500, maji ya kisanduku yanatakiwa kupanda karibu sentimita 13. Sentimita 13! Visanduku vingi havina nafasi hiyo juu ya mdomo wa bomba. Maji yatajaza kisanduku, yatafika usawa wa ukingo, na kuanzia hapo tangi zima litapanda kuelekea ukingo wa juu wa kioo. Sasa geuza upande wa pili: bomba limewekwa lita 1,500, pampu imechafuka ikashuka hadi 1,400. Maji ya kisanduku yanatakiwa yashuke kama sentimita 12 ndipo mizani irudi. Kabla hayajafika huko, mdomo wa bomba unavuta hewa, sifoni inakatika, kisanduku kinajaa tena, sifoni inashika, inakatika, na kelele hiyo inajirudia siku nzima.

Kwa hiyo anayetafuta usawa kamili kwa koki moja anatafuta kitu ambacho hata akikipata hakikai. Tofauti ya asilimia 7 tu inatosha kukiharibu, na pampu hupoteza asilimia hiyo kwa uchafu wa kawaida kabisa. Utando ndani ya bomba unabadilisha hesabu. Chokaa kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani ya pampu, inabadilisha hesabu. Maji yakivukizwa na chumba cha pampu kikashuka sentimita chache, pampu inapandisha kwa kimo kikubwa zaidi na inaleta maji pungufu. Hakuna mkono wa binadamu utakaokesha ukigeuza koki kufuata mambo haya yote.

Dawa ni bomba la pili lisilo na koki. Mdomo wake uwe wazi, na uwe juu ya mdomo wa bomba kuu. Linganisha jinsi linavyojibu: bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 lina mdomo wenye mzingo wa karibu sentimita 8, na mdomo huo ni ukingo kama ule wa kisanduku. Ili upokee zile lita 100 za ziada kwa saa, maji yanahitaji kuinuka juu yake kama milimita 3. Kwa lita 200, milimita 5. Kile ambacho bomba kuu lingekitatua kwa sentimita 13, bomba la pili linakitatua kwa kimo ambacho jicho linakiona kwa shida. Mizani iko hapo. Bomba kuu libebe sehemu kubwa, bomba la pili libebe kijito chembamba, na kijito hicho ndicho kitakachopungua na kuongezeka badala ya maji ya tangi.

Hii ndiyo maana ya mipangilio miwili inayojulikana kwa wapenzi wa matangi: ule uitwao Herbie wenye mabomba mawili na ule uitwao BeanAnimal wenye matatu. Katika wa mabomba mawili, bomba la pili ni la kijito na pia la dharura, hivyo lazima liweze kubeba maji yote ya pampu likiwa peke yake. Katika wa matatu, la pili lina mpira mwembamba wa hewa ambao ncha yake imewekwa juu kidogo ya usawa wa kawaida wa kisanduku. Bomba kuu likiziba, maji yanapanda, yanafunika ncha ile, hewa inakosa njia, na bomba la pili linageuka sifoni lenyewe. La tatu linakaa kavu likisubiri siku mbaya. Mimi ningechagua matatu kila mara panapowezekana kutoboa mashimo matatu. Kwenye bomba la dharura usiweke koki, wala kichujio chenye matundu madogo, wala kitu chochote kwa nia njema.

Nakubali, bila furaha, kwamba bomba moja la mtindo wa Durso, lenye kichwa cha elbo na tundu la hewa, linafanya kazi kwenye mtiririko mdogo, tuseme chini ya lita 1,000 kwa saa kwa bomba la inchi 1. Halihitaji koki, na anayelitia koki analiharibu. Lakini linabaki bomba moja, na konokono mmoja anatosha kuliziba.

Kuhusu koki ya bomba kuu, weka geti valvu. Bol valvu inatoka wazi kabisa hadi kufungwa kabisa kwa robo mzunguko. Sehemu yenye manufaa kwetu ni upana wa nyuzi chache, ukiigusa inaruka. Geti valvu inakupa mizunguko kadhaa ya kucheza nayo. Iweke karibu na tangi la chini, pale mkono unapofika, pamoja na yunioni, kiungio kinachofunguka, ili uweze kuitoa na kuisafisha. Kama bomba lazima likate kona, tumia elbo mbili za nyuzi 45 badala ya moja ya nyuzi 90, na usiache kipande kirefu kilicholala mlalo, maana hewa inajificha humo na sifoni inachelewa kushika.

Kurekebisha kwenyewe si kazi ngumu kwa mwenye subira. Fungua koki ya bomba kuu kabisa, kisha washa pampu. Bomba litanguruma, mapovu yatajaa tangi la chini, liache. Anza kuikaza koki kidogo kidogo na uangalie mdomo wa bomba ndani ya kisanduku. Mwanzoni utaona kizingia kipana, yaani maji yanayozunguka kama kimbunga kidogo, kinachovuta hewa. Maji yakipanda, kizingia kinajikunja, kinabaki uzi mwembamba wa hewa unaocheza juu ya mdomo, halafu uzi unakatika na sauti inazimika papo hapo. Hapo sifoni imeshika kikamilifu. Kuanzia hapo kaza robo mzunguko, au hata chini ya hapo, kisha ngoja dakika 5 kabla ya kugusa tena. Wengi wanaharibu kwa haraka: wanageuza, wanaona maji bado yanashuka, wanageuza tena, na mabadiliko mawili yanakuja kwa pamoja. Lengo ni maji yatulie kwenye mdomo wa bomba la pili, yakimwagika ndani yake kijito unachoweza kukisikia ukisogeza sikio tu. Kijito kikitoweka kabisa, huna akiba ya upande wa kupungua. Kikiwa kikubwa, bomba la pili nalo litaanza kelele.

Sasa zima pampu, subiri maji yatulie, washa tena. Rudia mara tatu au nne bila kugusa koki. Mfumo mzuri unajishika wenyewe ndani ya dakika moja au mbili. Ukikataa, mara nyingi sababu iko chini: ncha ya bomba imezama mno kwenye tangi la chini. Hewa iliyonaswa inabidi isukume maji yote yaliyo juu ya ncha ili itoke, na ikishindwa inabaki bombani. Sentimita 2 au 3 za kuzama zinatosha.

Kabla ya yote haya, pima mtiririko halisi badala ya kuamini kilichoandikwa kwenye boksi la pampu. Namba ile ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Elekeza bomba la kurudishia kwenye ndoo ya lita 10 na uhesabu sekunde: sekunde 18 ni lita 2,000 kwa saa, sekunde 24 ni lita 1,500. Kwa tangi la lita 300, mzunguko wa mara 3 hadi 5 kwa saa kupitia tangi la chini unatosha, yaani lita 900 hadi 1,500. Mikondo mikali wanayoitaka samaki au matumbawe waachie pampu ndogo za ndani ya tangi. Kulazimisha lita 4,000 kupitia kisanduku kidogo ni kujitafutia kelele. Ikibidi kuipunguza pampu ya kawaida, weka koki upande inakotolea maji. Ukiibana upande inakovutia, unaiumiza.

Halafu umeme ukikatika. Maji yanarudi chini kwa njia mbili: kupitia ukingo mpaka yaishie usawa wake, na kupitia bomba la kurudishia, ambalo linageuka sifoni na kunyonya tangi mpaka mdomo wake upate hewa. Tangi la sentimita 120 kwa 50 likishuka sentimita 3, hizo ni lita 18, na bado hujaongeza maji ya kisanduku na mabomba. Tangi la chini lazima lizipokee zote. Toboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia chini kidogo ya uso wa maji, na ulisafishe, maana mwani unaliziba. Valvu ya kuzuia maji yasirudi si ulinzi. Chembe moja ya mchanga au ganda la chokaa inatosha kuiacha wazi.

Na jaribio ambalo karibu kila mtu analikwepa: ziba bomba kuu kwa makusudi, pampu ikiwa inafanya kazi, na usimame hapo uangalie. Mabomba yaliyobaki yachukue maji yote. Kisha piga hesabu ya hali mbaya kabisa, mabomba yote yameziba. Chumba cha pampu chenye eneo la sentimita 40 kwa 20, na sentimita 15 za maji juu ya mdomo wa pampu, kina lita 12 za kupandisha. Kwenye tangi la sentimita 120 kwa 50, lita 12 zinainua maji sentimita 2. Ukiwa umeacha sentimita 3 kati ya maji na ukingo wa juu, pampu itakauka kabla sakafu haijalowa, mradi kifaa cha kujazia maji yaliyovukizwa hakiongezi mengine kutoka kwenye pipa kubwa. Kwa sababu hiyo chombo cha kujazia kiwe kidogo.

Wenye visanduku vya kuning'iniza, vile vinavyovusha maji kwa bomba la U juu ya kioo cha tangi lisilotobolewa, hesabu hii ya mwisho ndiyo kinga yao ya kweli. Mtiririko ukiwa mdogo, viputo vinakusanyika kileleni mwa U mpaka sifoni inakatika, na hakuna bomba la pili litakalosaidia maji ambayo hayajavuka kioo.

Safisha rota ya pampu kwa siki kila miezi mitatu hadi sita, au mapema zaidi maji yakiwa na chokaa nyingi. Siku hiyo mtiririko utaongezeka na kijito cha bomba la pili kitanenepa. Fungua koki nywele moja, ngoja dakika 5, sikiliza.