Siku saba kwa tanga, eti

Juzi mwenzetu mmoja katundika mtandaoni picha za safari yetu ya visiwa vya Cyclades, kule Ugiriki, na chini yake kaandika: "Siku saba kwa tanga." Kwa tanga! Ikuze picha hiyo uone: tanga limekunjwa, limefungwa vizuri kama mkeka wa wageni. Nilikuwemo humo. Injini ndiyo iliyotupeleka, isipokuwa kipande kimoja nitakachokisimulia.

Mimi mtoto wa Lamu, babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, kwa hiyo labda ni kiburi kinachonisemesha. Lakini kukodi boti ya futi 40 yenye mlingoti kama mnara, halafu kila asubuhi mnaamka na kuwasha dizeli? Si mngepanda feri pale Piraeus, bandari ya Athens! Ingewafikisha Paros, na kahawa wanauza.

Balaa ni ratiba. Boti hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, na wenzangu walikuja na orodha ya visiwa vya kupigia picha: Kythnos, Paros, Mykonos, Santorini. Santorini, ambako maji ni marefu hata pa kutia nanga ni shida! Nahodha wetu, mzee wa Kigiriki, aliisoma orodha akacheka. Akasema upepo ndio utakaoulizwa kwanza. Nani alimsikiliza?

Upepo wenyewe ni meltemi. Hutoka kaskazini wakati wa joto, na Julai na Agosti ndipo unapochachamaa. Haupigi hodi kwa wingu: mbingu safi, jua linawaka, na bahari imechafuka. Kushuka kusini ni raha, upepo uko tezini, unakusukuma kwa nyuma. Kurudi Athens sasa, ni omo tupu, upepo unakuja mbele; utabisha, yaani kwenda mshazari huku na huku, kutwa nzima huku mawimbi mafupi yakikutandika usoni. Anayeijua hesabu hiyo huchagua visiwa viwili vya karibu, akabakiza siku za kungoja. Majahazi ya Oman yalishuka kwetu na kaskazi, yakarudi na kusi. Hakuna nahodha aliyetaka kurudi Januari kwa sababu likizo imekwisha.

Haya, injini ina kazi yake. Kule boti huingia gatini kinyumenyume, nanga imetupwa mbele, kushoto na kulia kuna boti za watu. Bila injini ungeingia sebuleni kwa jirani. Na siku za shwari zipo. Nakubali, shingo upande.

Tulifika Paros kwa injini, tukarudi kwa injini, tukigongwa kama ngoma hadi Loutra, kule Kythnos. Hapo mzee akagoma. Siku mbili meltemi ulitufunga, wenzangu wamenuna, mimi nimejilaza ufukweni penye chemchemi ya maji moto inayomiminika baharini. Nilikaa nikisubiri maji yapwe. Hayakupwa, bahari ile haina bamvua, maji makuu ya kwetu, wala nini, maji hupanda na kushuka kidogo tu.

Siku ya tatu upepo ukapungua, mzee akatweka tanga kuelekea Sounion, rasi iliyo kusini ya Athens, na kuizima injini. Boti ikalala ubavu, ikakata maji maili sita kwa saa, nguzo za hekalu la Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, zikaanza kuonekana juu ya jabali. Yule bwana wa picha akatoa kichwa chumbani, macho yamemtoka.

"Vipi, tumeharibikiwa? Mbona tumesimama?"