Tanga Kuu Litue kwa Uzito Wake

Mwenye mashua ya mita sita au saba anapofikiria namna ya kulidhibiti tanga kuu, mara nyingi huanza na swali la mwisho, yaani tanga likishashuka litakaa wapi, na ndiyo sababu mazungumzo huishia haraka kwenye mifuko yenye zipu na mitambo ya kulikunja ndani ya mlingoti. Kwangu, swali la kwanza ni jingine: upepo ukizidi ghafla na mkono mmoja umeshika kana, yaani mpini wa usukani, tanga hilo litatua?

Tuanze na uzito wenyewe. Tanga kuu la mashua ya ukubwa huo huwa na eneo la mita za mraba kumi na kitu, na kitambaa cha poliesta kinachotumika sana huwa na takriban gramu 250 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo tanga la mita za mraba 12 lina kilo tatu za kitambaa, na hata ukiongeza fito zinazolinyoosha na vitelezi vinavyolishikilia kwenye mfereji wa mlingoti, bado ni mzigo wa mkono mmoja. Kinachotutisha ni upepo, kwa sababu nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo upepo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, hulisukuma tanga mara nne ya ule wa noti 10. Mtambo mzito wa kubeba kitu chepesi kiasi hicho unahitaji sababu nzuri, nami katika mashua ndogo sijaiona.

Tanga linalokunjwa ndani ya mlingoti ndilo linalovutia zaidi, kwani unavuta kamba nalo linatoweka. Gharama yake haionekani siku ya kununua. Uzito unaongezwa juu, mahali ambapo mashua ndogo huuhisi mara moja inapolala, na kwa kuwa tanga haliwezi kuwa na fito za ulalo, ukingo wake wa nyuma hukatwa kwa kuingia ndani, ukapoteza eneo na umbo. Niliwahi kumsaidia mwenzangu katika mashua yenye mfumo huo, na tanga lake lilikuwa limechakaa na kulegea. Upepo ulipopanda tulianza kulikunja, likafanya kunyanzi, kunyanzi likabana kwenye mwanya wa mlingoti huku zaidi ya nusu ya tanga ikiwa bado nje, nalo halikuingia wala halikutoka. Jarari, kamba ya kupandishia na kushushia tanga, haikutufaa kitu, maana tanga lililokwisha kuzungushwa kwenye mhimili wake haliwezi kushushwa. Mfumo wa kukunja ndani ya boriti, ule mti wa ulalo unaoshika upindo wa chini wa tanga, hauna kasoro hiyo, lakini hudai boriti ishikwe kwenye pembe yake halisi kila unapokunja, na bei yake haiendani na mashua ya mita sita.

Mimi nachagua njia ya kale ya kupunguza tanga kwa mafungu. Unalegeza demani, kamba inayolivuta tanga lishike upepo, mpaka tanga lipigepige, unaishusha jarari hadi kwenye alama, unanasa jicho la mbele la tanga kwenye ndoano iliyo kwenye boriti, unaikaza jarari tena, kisha unavuta kamba ya pembe ya nyuma mpaka upindo mpya unyooke. Alama kwenye jarari ni uzi mwekundu niliouzungusha na kuushona kwenye kamba yenyewe, nao umenifaa kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua, kwa kuwa hata gizani vidole vinaugusa.

Wapo wanaopendelea kamba moja inayovuta pembe zote mbili, ili mtu asitoke kwenye usukani. Hoja yao ina uzito, maana mashua ndogo huyumba mtu anaposogea mbele, lakini kamba hiyo ni ndefu, hupita kwenye makapi mengi, na kila kapi hula sehemu ya nguvu ya mkono wako. Kamba mbili tofauti, zote zikirudishwa nyuma pamoja na jarari, hufanya kazi ileile kwa msuguano mdogo zaidi.

Kamba za kudaka tanga, zinazotoka mlingotini hadi kwenye boriti pande zote mbili, nazikubali kwa sharti kwamba ziweze kulegezwa na kuvutwa mbele kabla ya kutweka. Zikiachwa zimekaza, ncha ya fito hujinasa humo, omo ya mashua, yaani sehemu yake ya mbele, ikikengeuka kidogo tu kutoka kwenye upepo. Mfuko wenye zipu ni nyongeza nzuri ya kukinga jua, basi.

Mwaka 1960 Blondie Hasler alishika nafasi ya pili, nyuma ya Francis Chichester, katika mbio za kwanza za kuvuka Atlantiki mtu akiwa peke yake, akiwa na Jester, mashua ya takriban mita 7.6 yenye tanga moja la mtindo wa Kichina. Alipotaka kupunguza tanga alilegeza jarari, na fito zikashuka moja juu ya nyingine kwa uzito wake.

Ndiyo maana fedha za kwanza ningezitumia kwenye vitelezi vipya, nikausafisha mfereji wa mlingoti na kuupaka kilainishi kikavu, kisha nikaiachia jarari bandarini siku isiyo na upepo nione tanga linakwama wapi.