Akicheza Vinícius, nongwa

Hivi kushangilia goli kumekuwa kosa tangu lini? Griezmann, Mfaransa mzungu, alifunga penalti fainali ya Kombe la Dunia 2018, akaweka vidole kwenye paji la uso, akarusharusha miguu kwa kejeli. Watu wakacheka: kijana mchangamfu huyo! Vinícius Júnior, Mbrazili mweusi, akikata kiuno kwenye kibendera cha kona, ghafla hana heshima.

Septemba 2022 wakala mmoja wa wachezaji akaketi kwenye televisheni Hispania, akamwambia aache mambo ya nyani. Siku chache baadaye mashabiki wa Atlético, timu ya Griezmann huyohuyo wakati ule, wakaimba matusi yaleyale nje ya uwanja.

Kinachoniudhi zaidi ni huku kibanda umiza tunakotazamia mpira. Mweusi mwenzangu, chipsi mkononi: "Lakini naye anajitakia." Anajitakia nini, kaka?