Paracetamol Iitwe Paracetamol Kila Mahali

Mafua yalinikamata ndani ya ndege. Tulipotua Marekani pua zimeziba, kichwa kinagonga, koo kama limepakwa mchanga. Nikaingia duka la dawa nikitafuta kitu kimoja tu: paracetamol. Mbele yangu ukuta mzima wa dawa za mafua, za mchana, za usiku, za kikohozi, za kichwa, na neno paracetamol halipo hata kwenye boksi moja. Nikachukua vidonge vilivyoandikwa kuwa ni vya maumivu na homa, pamoja na chupa ya dawa ya maji ya kunywa wakati wa kulala.

Usiku huo nikameza vidonge viwili vya miligramu 500, nikashushia na kikombe cha kupimia cha ile dawa ya maji. Asubuhi kichwa kimetulia, nikaanza kusoma. Vidonge: acetaminophen. Dawa ya maji: acetaminophen, miligramu 650 kwa dozi. Nikatafuta kwenye simu acetaminophen ni kitu gani. Ni paracetamol. Ileile! Nilikuwa nimeinywa mara mbili kwa mkupuo, na ningerudia hivyo kila baada ya saa sita kama homa isingeshuka.

Sikudhurika, lakini bado nina hasira. Kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24. Ukizidisha, kinachoumia ni ini, tena kimyakimya: siku ya kwanza unaweza usihisi chochote zaidi ya kichefuchefu, na maumivu ya kweli yakianza ini limeshaathirika. Piga hesabu ya dozi zangu mara nne kwa siku uone inafika wapi. Sasa mfikirie mzazi aliye ugenini na mtoto anayechemka usiku, chupa mbili mkononi, kila moja na jina lake.

Nitaambiwa jina lilikuwa limeandikwa, ningesoma kabla ya kunywa. Sawa, nakubali, limeandikwa hata mbele ya boksi. Lakini kumwandikia mtu neno asilolijua kunamsaidia nini? Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya majina ya kimataifa ya dawa mwaka 1953, ili daktari, mfamasia na mgonjwa waelewane popote walipo. Jina la kimataifa la dawa hii ni paracetamol. Marekani, Kanada na Japani zikabaki na acetaminophen. Mwenye pumu anayetumia salbutamol akifika Marekani ataikuta inaitwa albuterol, na huyo hana muda wa kupekua simu akiwa amebanwa kifua.

Wala msiniambie kubadilisha ni kazi ngumu. Australia ilianza mwaka 2016 kusogeza majina yake yaendane na ya kimataifa. Frusemide, dawa ya kupunguza maji mwilini, ikawa furosemide, na kwa miaka kadhaa boksi lilibeba majina yote mawili ili watu wazoee. Majina mawili kwenye boksi moja. Ndilo ninaloomba, basi.

Hayo ni majina tofauti kwa dawa moja. Kinyume chake pia kipo: jina moja, dawa tofauti. Alain Baxter, mtelezaji thelujini wa Uingereza, alishinda shaba kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2002 huko Salt Lake City. Pua ilikuwa imeziba, akanunua Marekani kichupa cha kuvuta puani cha Vicks, kama alichozoea kutumia kwao. Cha Marekani kilikuwa na levomethamphetamine, jamii ya kichocheo kilichopigwa marufuku michezoni, cha Uingereza hakina. Akanyang'anywa medali. Mahakama ya michezo ilikubali kwamba hakukusudia kudanganya, na medali haikurudi. Kila nikiikumbuka habari hii roho inaniuma.

Tofauti nyingine za nchi na nchi zina sababu. Pseudoephedrine, ile inayozibua pua kwelikweli, Marekani huwekwa nyuma ya kaunta na unatoa kitambulisho, kwa sababu watu huitumia kupikia methamphetamine, dawa ya kulevya. Sheria hiyo naielewa, ingawa si rahisi kuipenda ukiwa unahemea mdomoni. Japani dawa yenye zaidi ya asilimia 10 ya pseudoephedrine hairuhusiwi hata kuingia nayo, kwa hiyo kagua begi kabla ya safari.

Nilirudi dukani na boksi langu na chupa yangu. Mfamasia, mama mtu mzima, hakunikemea. Alichomoa kalamu, akazungushia duara lile neno kwenye boksi, akazungushia na kwenye chupa, kisha juu ya yote mawili akaandika kwa herufi kubwa: PARACETAMOL. Haikumchukua hata dakika moja.